LESO YASEMA KISWAHILI, KIBAO CHASEMA KIZUNGU

Nimepewa kurasa chache na mhariri nitoe maoni yangu, na maoni yenyewe yanahusu majumba ya makumbusho. Usifunue ukurasa upesi ukadhani nitakuletea habari za mifupa na vumbi. Ninayotaka kusema yanakuhusu wewe, mama yako, na hata ile leso iliyoanikwa kwenu uani.

Kila mwaka ifikapo tarehe 18 Mei, ulimwengu husherehekea Siku ya Kimataifa ya Makumbusho. Siku hii imekuwako tangu mwaka 1977. Inapokaribia, majumba ya makumbusho hujipamba na kutangaza maonyesho: haya ya sanaa, yale ya historia, na siku hizi hata ya mavazi na mitindo. Walimu nao hutangaza kwenye paredi kwamba kuna safari, mwenye nauli aandikishe jina. Basi tunajaa ndani ya basi, tunaimba njia nzima, tunafika, tunazungushwa kwa dakika arobaini, tunanunua soda, tunarudi. Ukimwuliza mwanafunzi jioni ameona nini, atakujibu, "Vitu vya kale." Vitu gani? "Vya kale tu."

Wengi husema kosa ni letu sisi vijana, kwamba hatupendi asili yetu. Mimi nakataa. Maoni yangu ni haya: maonyesho yoyote yanayowekwa katika jumba la makumbusho la Kenya, yawe ya sanaa, ya historia au ya mavazi, yaelezwe kwa Kiswahili kwanza na Kiingereza kifuate, na maelezo yenyewe yatoke vinywani mwa wenye vitu. Pasipo hivyo, tunaalikwa kutazama mali yetu kama watalii, tena watalii wasio na kamera.

Hebu kwanza tuulize majumba haya yalitoka wapi. Jumba kuu la Nairobi chimbuko lake ni mwaka 1910, wakati Wazungu waliopenda kukusanya ndege, wadudu na mimea walipohitaji mahali pa kuweka walivyokusanya. Jengo la pale Museum Hill lilifunguliwa mwaka 1930, likapewa jina la Coryndon, aliyekuwa gavana wa koloni. Ni baada ya uhuru ndipo likaitwa Makumbusho ya Taifa. Hapa kwetu Mombasa, Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waarabu wa Oman wakaizingira kwa karibu miaka mitatu na kuiteka mwaka 1698. Waingereza nao walipokuja wakaifanya jela, tangu 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ndipo ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukiyatazama hayo utaona kwamba nyumba hizi hazikujengwa kwa ajili ya nyanya yangu. Moja ilijengwa kwa ajili ya wakusanyaji, nyingine kwa ajili ya mizinga. Hilo si kosa la wanaofanya kazi humo leo, na wengi wao ni watu wema na wajuzi. Lakini mtu akirithi nyumba huiangalia upya: huu mlango ulikuwa wa nani, na wangu mimi nitaukata wapi? Bendera tulibadilisha. Majina ya barabara tulibadilisha. Vibao vya maelezo, vile vikaratasi vidogo vinavyobandikwa kando ya vitu, vingi vyao tumeviacha katika lugha ile ile ya aliyevikusanya. Zipo sehemu ambako Kiswahili kimewekwa, na wanaofanya hivyo nawapa mkono wa pongezi. Ninawasema wale wengine.

Wala sheria si kizuizi. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. UNESCO nayo mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Sasa ikiwa dunia nzima imetenga siku ya Kiswahili, itakuwaje kitu cha Mswahili kisielezwe kwa Kiswahili ndani ya nchi yake?

NIANZE NA MAVAZI

Mwaka jana, likizo ya Agosti, nilimpeleka nyanya yangu katika jumba moja la makumbusho humu nchini. Jina lake sitalitaja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Nyanya ameuza vitambaa kwa miaka mingi na leso anazijua kama mvuvi ajuavyo samaki. Tukafika mahali palipokuwa na leso ndani ya kabati la kioo. Ilikuwa imekunjwa vizuri, imepigwa pasi, na taa inaimulika. Kando yake kibao cha Kiingereza.

Nyanya akanivuta mkono. "Mwanangu, hapo wameandika nini?" Nikamfasiria: kitambaa cha pamba, vazi la wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki, kisha nambari. Akaniuliza, "Basi?" Nikamwambia, basi. Akacheka hadi akashika kioo, askari akatutazama. "Kwamba ni kitambaa cha pamba, hilo hata mbuzi wa Kisauni wanajua!"

Kisha akaninong'oneza jambo ambalo halijanitoka kichwani. Leso ile ilikuwa imekunjwa jina likakatika katikati. Yalionekana maneno mawili tu: AKUFAAYE KWA. Yaliyobaki yalikuwa ndani ya mkunjo. Nyanya akayamaliza mwenyewe, polepole, kama anayemlisha mtoto: "Dhiki ndiye rafiki." Akaongeza, "Hii si leso ya kujifunga nyumbani hivi hivi. Hii humpa mtu aliyekusimamia siku ya msiba au siku ya uzazi. Aliyempa nani? Alipewa na nani? Hawakuuliza."

Ndugu msomaji, fikiria. Pale palikuwa na kitu kinachosema Kiswahili kwa kinywa chake chenyewe, kwa herufi kubwa, na waliokiweka wamekikunja mdomo. Halafu wakaweka kikaratasi cha lugha nyingine kikisemee.

Leso ina sehemu zake na kila sehemu ina jina. Kuna pindo, ule ukingo unaoizunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani katikati. Na kuna jina, yale maandishi yaliyo chini ya mji. Huuzwa zikiwa mbili zimeungana, ukifika nyumbani unazikata na kuzipinda, moja ya kujifunga, moja ya kujitanda. Neno lenyewe leso tulilipata kwa Wareno, na wengine wanasema kanga, jina la yule ndege mwenye madoadoa. Leso za zamani ziliandikwa maneno kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndipo zikaja hizi za Kirumi. Hapa Mombasa, Barabara ya Biashara, lipo duka ambalo asili yake ni mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" imo kwenye leso za nyanya zetu wengi. Bibi harusi hupewa kisutu. Mtoto hubebwa kwa leso. Mtu akifa, leso haikosi. Jirani akikuudhi, huna haja ya kugombana naye, unamvalia jina lako unapita mbele ya mlango wake mara mbili, ataelewa.

Sasa haya yote yangeandikwa kwa sentensi tano za Kiswahili kando ya kile kioo, mwanafunzi gani angesema ameona "vitu vya kale tu"? Si angerudi nyumbani akafungua sanduku la mama yake na kusoma?

Nami nasema waziwazi kwamba maonyesho ya mavazi ndiyo yanayoweza kutuvuta sisi vijana kuliko mengine yote, kwa sababu nguo kila mtu anaivaa. Lakini yasiwe maonyesho ya kutangaziwa nini ni vazi letu. Hilo lilijaribiwa. Mwaka 2004 vazi la taifa lilizinduliwa Nairobi kwa shangwe, baada ya wabunifu wa mitindo kulishonea vichwa. Leo simama pale Kongowea saa moja, utahesabu leso hadi uchoke na hilo vazi hutaliona. Vazi halitangazwi, huvaliwa. Watu hawakulichukia, ila halikuwa na neno lolote la kuwaambia. Leso ina neno. Ushanga wa Mmasai una neno, kila rangi na maana yake. Kofia ya vito inayoshonwa Lamu kwa sindano na mkono, tundu moja baada ya jingine kwa wiki nyingi, nayo ina jina la kila nakshi. Maonyesho yatuletee hayo maneno, si nguo tu kwenye sanamu isiyo na kichwa.

NA HISTORIA JE?

Kuna watakaosema, kijana huyu analia kwa sababu ya kikaratasi. Kikaratasi ni kitu gani? Nataka niwaonyeshe kwamba kikaratasi kinaweza kumpoteza babu ya mtu.

Miongoni mwa Wamijikenda, hasa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu akifa huchongewa kigango. Ni mti mrefu uliochongwa, una kichwa cha duara na kiwiliwili chenye nakshi za pembetatu. Husimamishwa bomani na hauhamishwi. Hata familia ikihama, kigango hubaki pale pale, kwa kuwa si pambo, ni huyo marehemu mwenyewe akiwa na jamaa zake. Ukimwuliza Mgiriama, atakwambia, "Huyu ni babu."

Lakini wafanyabiashara wakaviita kwa neno jingine: sanamu. Sanamu huuzwa. Basi miaka ya 1980 vigango viliibwa mabomani, vikauzwa kwa watalii na madukani, vikavuka bahari. Vingine viliishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani, vikawekewa vibao vizuri vya kusema kwamba hii ni sanaa ya Afrika Mashariki. Mwaka 2007 vigango viwili, kimoja kutoka jumba la makumbusho la jimbo la Illinois na kingine kutoka jumba la chuo kikuu kimoja cha Virginia, vilirudishwa Kenya kwa familia iliyoibiwa zaidi ya miaka 20 kabla. Na tangu hapo vingine vimeendelea kurudi.

Hebu pima tofauti. Kibao kikiandika "sanamu", kitu kinaweza kununuliwa. Kibao kikiandika "babu", anunuaye atajisikiaje? Hivyo jina unalokiweka kando ya kitu ndilo linaloamua ni cha nani. Ndiyo maana nasema jambo hili si la kikaratasi.

Na vitu vilivyo nje ni vingi. Mwaka 2021 pale jumba la Nairobi paliwekwa maonyesho ambayo ningependa kila mwanafunzi angeyaona. Watafiti na wasanii wa Kenya pamoja na wenzao wa Ujerumani walikuwa wamehesabu vitu vya Kenya vilivyomo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, wakapata zaidi ya 32,000. Katika maonyesho yao waliweka makabati ya vioo yakiwa matupu, ili mtu aone pengo kwa macho yake. Mojawapo ya vitu vinavyodaiwa ni ngadji, ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa wakati wa ukoloni na ambayo imewekwa ghalani kule British Museum, London. Fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905, zilirudi mwaka 2006 baada ya miaka mia moja.

Tunavidai virudi, na ni haki yetu. Lakini vikirudi vitaingia wapi? Vitaingia katika nyumba ambamo mjukuu wa mwenyewe atasimama mbele ya kioo na kuhitaji mtu wa kumfasiria? Hapo vitakuwa vimerudi nusu ya njia tu.

Tena wakati mwingine vitu vyetu husafiri kwa heshima kuliko sisi. Mwaka 2017 maonyesho makubwa ya sanaa ya Waswahili yalifunguliwa katika chuo kikuu kimoja cha Illinois, kisha mwaka 2018 yakaenda Washington na baadaye Los Angeles. Miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa kuna vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya, vya kwetu huku Pwani. Mimi sina ubaya na jambo hilo. Nafurahi Mmarekani akijua kuwa Lamu ipo. Ila najiuliza, ni wanafunzi wangapi wa shule za kutwa za Pwani waliowahi kuviona vitu hivyo vikiwa hapa hapa nyumbani, na kuelezwa kwa lugha wanayoiota?

SANAA NAYO

Kwa upande wa sanaa sitasema mengi, lakini nina mfano mmoja. Mwaka 1965 wasanii waliokuwa Nairobi, akiwemo Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, walianzisha jumba la sanaa wakaliita Paa ya Paa. Hawakutafuta jina la Ulaya. Walichukua neno paa, mnyama, na paa, kuruka juu, wakaunganisha. Mtoto wa darasa la nne akisikia jina hilo anatabasamu, kwa sababu ameelewa mchezo wa maneno na ameingia ndani ya sanaa kabla hajafika mlangoni.

Joseph Murumbi naye, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, nguo, mapambo na sanaa za Afrika nzima kwa maisha yake yote, akahakikisha nyingi zimebaki Kenya. Baadhi ziko katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, katikati ya jiji la Nairobi, mahali ambapo maelfu ya watu hupita kila siku wakikimbilia matatu. Wangapi huingia? Nadhani wangeingia wengi zaidi kama pale nje pangekuwa na maneno yanayowaita kwa lugha ambayo makanga anawaitia.

WANAOPINGA WANASEMAJE

Katika chama chetu tuliujadili mjadala huu na nilipingwa vikali. Nitazitaja hoja za wenzangu kwa haki.

Hoja ya kwanza: watalii ndio wanaoleta pesa, na mtalii hajui Kiswahili. Najibu kwamba sijasema Kiingereza kifutwe. Kiwepo, ila kisikae peke yake mezani. Tena mgeni akija kwako hutaka kumsikia mwenyeji anavyosema. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji anyamaze.

Hoja ya pili: Kiswahili si lugha ya kila mtu. Kigango ni cha Mgiriama, ngadji ni ya Mpokomo, ushanga ni wa Mmasai. Ukiandika Kiswahili je, hukuwameza hao? Hoja hii ni nzito, na mwenzangu aliyeitoa alipigiwa makofi kuliko mimi. Lakini jawabu lake ni jepesi. Jina la kitu liandikwe kwanza kwa lugha ya wenyewe, bila kutafsiriwa. Kigango kibaki kigango. Ngadji ibaki ngadji. Kiswahili kifanye kazi yake ya siku zote, ile ya sokoni na kwenye stendi ya basi: kumkutanisha Mpokomo na Mjaluo ili mmoja amweleze mwenziwe.

Hoja ya tatu: Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu. Hii nilitaka kucheka. Chukua yale mabaki ya mtu wa kale yaliyopatikana Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, mwaka 1984. Aliyeona kipande cha kwanza cha fuvu ni Kamoya Kimeu, Mkenya aliyesoma zaidi ardhini kuliko darasani. Naweza kusema hivi: "Mifupa hii ni ya kijana wa kiume aliyeishi karibu na Ziwa Turkana yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa bado anakua. Alitembea wima kama wewe." Neno gani hapo limekosekana? Na mtu aliyesoma hayo atasimama mbele ya ile mifupa na kuangalia magoti yake mwenyewe.

Hoja ya nne: hakuna pesa. Ni kweli majumba haya hayana fedha za kumwaga, na paa likivuja huwezi kuanza na vibao. Lakini kibao ni kipande cha karatasi ngumu na wino. Kinachogharimu ni kuuliza wazee na kuandika vizuri. Wazee wapo, na hawatozi ada ya kuulizwa. Na waandishi wapo pia, ndio hawa wanachama wa vyama vya Kiswahili katika kila shule.

NINAYOPENDEKEZA

Sitaki kulalamika tu halafu nikae. Nina mapendekezo manne kwa maonyesho yajayo.

Kwanza, kila kitu kiwe na kibao chenye mambo matatu: kinaitwaje kwa lugha ya wenyewe, kilitumiwa na nani na kwa kazi gani, na kilifikaje hapa. Hilo la tatu lisifichwe. Kama kilinunuliwa, iandikwe. Kama kiliporwa, iandikwe.

Pili, leso zitundikwe zikiwa zimefunguliwa, jina lisomeke. Jambo hili halihitaji hata shilingi moja.

Tatu, kila maonyesho yawe na siku zake za wenyewe kuzungumza. Fundi wa kofia aje na sindano yake. Mama wa leso aje na sanduku lake. Mchonga milango wa Lamu aje na patasi. Tukae chini tuwasikilize, kisha ndipo tutazame kilichoko kiooni.

Nne, shule za kutwa zikumbukwe. Wenzetu wa mabweni husafirishwa, sisi tukitoka saa kumi wengine tunakwenda kuchota maji na kusaidia vibandani. Jumamosi moja kila muhula, mwanafunzi aliye na sare aingie na mzazi au nyanya yake. Nasisitiza nyanya, maana yeye ndiye kitabu.

Ili nisionekane ninasema tu, nimejaribu kuandika vibao vitatu. Vihakiki mwenyewe.

"SIWA. Baragumu kubwa ya Lamu na Pate. Ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe ya ndovu. Ilipulizwa katika arusi za watu wakubwa na mtawala alipotawazwa. Sauti yake iliposikika, mji mzima ulijua kuwa kuna jambo."

"KIGANGO. Mzee wa Gohu wa Wagiriama aliyekufa na bado anaheshimiwa. Mahali pake ni bomani kwao. Ukimwona dukani, ujue ameibwa."

"LESO. Soma jina lake kwanza. Kisha jiulize, aliyeivaa alikuwa anamwambia nani?"

Havikunichukua hata jioni moja, na nyanya ndiye aliyenisahihisha kile cha tatu. Mimi nilikuwa nimeandika mistari minane kuhusu pamba na rangi. Akaniambia, "Futa, mwache mtu aulize."

Basi wito wangu kwa Chama chetu cha Kiswahili ni huu. Kabla ya tarehe 18 Mei ijayo, kila mwanachama achague kitu kimoja cha nyumbani kwao, kiwe mbuzi ya kukunia nazi, kinu, kibuyu, kofia au leso, amwulize mkubwa wake, aandike kibao chake kwa Kiswahili safi. Tukipata vibao kumi vizuri tutavipeleka kwa mkono katika jumba la makumbusho lililo karibu, pamoja na barua ya heshima iliyopigwa mhuri wa shule. Wakivikubali, tumeshinda. Wakivikataa, tutavibandika katika ukumbi wetu wa chakula na maonyesho yetu yatakuwa yameanza.

Karatasi imeniishia na mhariri ananitolea macho. Mwenye maoni tofauti namkaribisha ajibu katika jarida la mwaka ujao, nitamsoma kwa moyo mkunjufu. Nami kabla ya hapo nina kazi ya kwenda kumwuliza nyanya habari za kinu.

Wasalaam.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Mwanachama wa Chama cha Kiswahili